Tarumbeta Mbele ya Nyumba ya Msiba

Nilikwenda Chake Chake kung'oa jino. Nakwambia mapema, rafiki yangu, usije ukanidhania mtu wa kuhudhuria mambo makubwa. Nakaa Unguja, nasomesha skuli miaka yote hii, na likizo hii nilikuja Pemba kwa mdogo wangu ili nipumzike. Jino la nyuma likakataa nisipumzike. Nilitoka hospitali na pamba mdomoni, nusu ya uso imekufa ganzi, na mdogo wangu, badala ya kunirudisha nyumbani nikalale, akaniambia kuna okestra imekuja, inapiga kwenye ukumbi wa skuli baada ya alasiri, bure, twende tukaone. Nikamfuata kwa kuwa sikuweza kufungua mdomo kumkatalia.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mbele walikaa wapigaji hamsini hivi, baadhi wageni, baadhi wa Unguja na bara, fidla nyingi kuliko nilizowahi kuziona pamoja, filimbi, na ngoma za kila ukubwa nyuma kabisa. Kiongozi wao alisimama akitupa mgongo, kijiti mkononi. Tuliambiwa kwamba kila watakachopiga siku hiyo kimetokana na ngoma ya kucheza. Wakaanza na dansi moja ya Ulaya ambayo watu huizunguka wawili wawili, kisha wakapiga cha msewe, ngoma yetu ya Pemba, na zile fidla zikajitahidi kulia kama njuga za miguuni, na Mungu shahidi yangu, zilikaribia.

Kiti cha kando yangu alikaa bi mkubwa wa kijijini kwetu, ambaye tulikuwa hatujaonana miaka. Mama huyu tangu ujana wake alikuwa na kazi moja isiyo na likizo, kubandika watu majina. Aliliangalia shavu langu lililovimba, nikajua ananitafutia langu. Kisha akaigeukia okestra.

"Taarabu gani hino haina mwimbaji," akasema. "Watu wote hawa, na hapana hata mmoja mwenye la kusema."

Nilicheka kwa upande mmoja wa uso. Nilikuwa nimeanza kuufurahia mchana ule. Ndipo mshereheshaji akasimama akasema kwamba sasa ni kipande cha mwisho, kimetungwa kutokana na beni ya harusi ya hapahapa kisiwani, kitaongozwa na tarumbeta, na jina lake ni Tumalize.

Akatoka msichana wa miaka ishirini na kitu, ushungi mweupe, gauni refu jeusi, tarumbeta mkononi. Watu wakanong'ona, maana tarumbeta kwetu tumezoea kuliona mikononi mwa wanaume wenye mashavu. Mimi sikunong'ona. Nilikuwa nimekwama kwenye jina. Tumalize si jina la wimbo. Ni jina alilobandikwa mtu mmoja, jirani yetu, mtu mwema kuliko wengi niliowajua, na alibandikwa kwa kosa ambalo si lake. Lilikuwa langu. Nilikuwa na miaka tisa, na tangu siku ile mpaka leo sijamwambia mtu yeyote.

Basi kaa kitako nikusimulie.

Nililelewa na bibi yangu, mimi na mdogo wangu, kijiji cha kusini, mwendo wa miguu kutoka Chokocho. Nyumba yetu na ya jirani mpiga tarumbeta zilitazamana, ua mmoja, kisima kimoja, na msimu wa karafuu majamvi yetu yalitandazwa pamoja mpaka hujui karafuu zipi za nani. Watoto tulichambua. Kazi yenyewe ni kuziachanisha karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, kishada kwa kishada, tangu kutoka chuo cha Kurani mpaka magharibi, na vidole vikawa vyeusi na vikanuka karafuu hata ukila muhogo. Mpaka leo nikipita dukani nikanusa karafuu, nahisi ncha za vidole zinaniwasha.

Jirani alikuwa mchumaji. Asubuhi yuko juu ya mkarafuu, mchana anashusha magunia, na baada ya alasiri huoga, huvaa shati safi, na hukaa juu ya jiwe kando ya majamvi yetu na tarumbeta lake. Lilikuwa kuukuu, limebonyea pembeni, na mdomo wake umefungwa uzi mwekundu pale lilipopasuka. Vitufe vyake vitatu alivilainisha kwa mafuta ya nazi, hakuwa na mengine. Miezi ya kipupwe mafuta ya nazi huganda, unajua, basi asubuhi ya harusi alikuja jikoni kwetu na tarumbeta mikononi, akamwomba bibi ruhusa, akaliweka karibu na mafiga ambapo muhogo wetu ulikuwa ukichemka. Bibi alinung'unika kwamba kuna siku tutakula tarumbeta la nazi. Lakini kama jirani alichelewa kuja, bibi mwenyewe alikuwa akisogeza sufuria mapema na kuliwekea nafasi.

Wimbo tulioupenda sisi watoto ulikuwa mmoja tu, ule wa kumwingizia bwana harusi. Ulianza chini, ukapanda kwa vituo, ukafika pahala pa juu kabisa ambapo tarumbeta hutetemeka, na hapo jirani alikuwa akilishusha, akalifuta kwa shati, akanyamaza. Kila siku hapohapo. Tulimpigia makelele amalize. Alitujibu kwamba mwisho wake hupigwa pahala pamoja tu, kwenye mlango wa bi harusi, mguu wa bwana harusi ukiwa juu ya kizingiti. Ukipigwa kwengine unaiozesha harusi hewani. Na sisi watoto hatukuruhusiwa kuandamana na beni, kwa hiyo mwisho ule hatukuujua. Wenzangu walisahau mara tu walipoitwa kula. Mimi nililala nikiuwaza. Nilijitungia miisho yangu, nikaivumia puani nikichambua, na yote nilijua siyo.

Kulikuwa na mtu mwengine katika maisha yale ya ua mmoja, naye ni mama yake jirani. Alikuwa mzee sana, miguu imemkatalia, siku nzima yuko barazani kwake na tambuu yake. Mwanawe akienda na beni kijiji chengine, bibi kizee yule hakutulia mpaka amsikie akirudi. Sasa njia ya kuingia kijijini kwetu iligawika penye kisima. Ya chini ilikuwa fupi, inapita nyuma ya msikiti, na beni ndiyo waliyoizoea. Ya juu ilipita mbele ya nyumba zetu. Basi bibi kizee yule alikuwa na desturi yake. Akisikia beni kwa mbali, humtuma mtoto mmoja wetu akasimame penye kisima. Hatukupewa la kusema. Kusimama pale ndiyo salamu yenyewe. Jirani akimuona mtoto anajua mama yake anataka kumsikia, na hapo huigeuza beni nzima, ngoma, matari, wanawake na vigelegele, ikashika njia ya juu. Bwana harusi apende asipende, atapitishwa mbele ya baraza ya mama wa mtu.

Na kuna desturi nyengine, hii ya kijiji kizima. Beni ikifika nyumba yenye maiti au yenye matanga, vyombo hulazwa. Tarumbeta huelekezwa chini, ngoma hutiwa kwapani, na watu hupita kimya, hata bwana harusi mwenyewe huinamisha kichwa, mpaka nyumba ile iwe mgongoni. Hakuna aliyeivunja. Sikuwahi kusikia aliyeivunja.

Siku ya siku, harusi ilitoka Chokocho kuja kwetu. Bi harusi alikuwa wa nyumba ya nyuma ya msikiti. Jirani aliondoka baada ya adhuhuri, na mama yake alikuwa anakohoa, lakini alikuwa anakohoa mwaka mzima. Nilikuwapo akimuaga.

"Nenda," akamwambia, "watu hawaachi kuoana kwa kikohozi changu. Ela ukirudi nikusikie."

Alikufa alasiri ile, barazani, na tambuu bado shavuni. Bibi yangu ndiye aliyemfumba macho. Wanaume wote walikuwa harusini, wanawake wakaanza kuingia wamejitanda, na bibi akanishika mabega mawili. Alikuwa halii. Nadhani alikuwa hajapata nafasi.

"Kimbia kisimani," akaniambia. "Beni ikija mwambie mwenyewe, sikioni, mama yako keshatangulia. Mwambie walaze vyombo. Usimwambie mtu mwengine, miye nataka alisikie kwa mtu wa nyumbani. Umenisikia?"

Nikamwambia nimesikia. Nilikimbia kweli. Nilikuwa nalia nikikimbia, maana bibi kizee yule alikuwa akinipa sukari guru. Nilifika kisimani nikasimama, na kabla sijavuta pumzi vizuri nikasikia ngoma, kisha tarumbeta, na lilikuwa linapiga wimbo ule.

Nataka uelewe hesabu yangu, rafiki yangu, kwa sababu nimeirudia mara nyingi kuliko Alhamdu. Nilijiambia, watapita njia ya chini kama siku zote. Njia ya chini haipiti nyumbani, hapana msiba utakaovunjiwa heshima. Nyumba ya bi harusi ni pale tu, nyuma ya msikiti. Nitawafuata, nitausikia mwisho pale mlangoni, na akishamaliza nitamwambia. Nikimwambia sasa hatamaliza. Ataacha, na wimbo huu hataupiga tena miezi, na mimi nitakuwa sikuusikia. Bibi kizee keshakufa, dakika chache hazimpunguzii kitu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, nikiwa na machozi yale yale mashavuni.

Kitu kimoja tu kilinitoka akilini. Nilikuwa nimesimama penye kisima.

Jirani alinikuta pale na tarumbeta mdomoni. Aliniona. Macho yake yakacheka, maana mdomo ulikuwa na kazi. Aliinua mkono mmoja, akaigeuza beni, na watu wote wale wakashika njia ya juu. Mimi nilikuwa nimemwambia apite kwa mama yake, kwa kusimama tu.

Nilimkimbilia. Nilikwenda ubavuni mwake hatua kama hamsini. Ningeweza kumvuta shati. Wanawake waliokuwa nyuma yetu walipiga vigelegele, ngoma zikanigonga kifuani, na mimi nilifungua mdomo mara mbili. Nimejaribu maisha yangu yote kujiaminisha kwamba niliita na sauti yangu ikamezwa. Haikumezwa. Sikuita. Wimbo ulikuwa unapanda, ulikuwa umekaribia pahala pale pa juu, na mimi, hata wakati ule, nilikuwa nasikiliza.

Tukatokea mbele ya nyumba yake. Mlango ulikuwa wazi, uwanja umejaa wanawake, na bibi yangu alikuwa amesimama katikati ya njia na mikono yote miwili juu. Tarumbeta lilikuwa linatetemeka pale pa juu. Likakatika. Mpiga ngoma alikuwa nyuma, hakuona kitu, akaendelea peke yake: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha naye akaona.

Jirani alimtazama bibi, akautazama mlango, akalilaza tarumbeta lake mchangani kwa uangalifu kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akaingia ndani.

Kijiji kilichafuka. Watu wa bwana harusi walisema ndoa yao imetiwa mkosi. Wazee wa kwetu walisema haijapata kutokea mtu kumpigia beni maiti ya mama yake mzazi. Siku ya tatu, baada ya hitima, mwalimu wa chuo na wazee wengine walikaa kwenye baraza ileile wakamuuliza jirani kama hakuletewa habari. Bibi yangu akajibu kutoka upande wa wanawake kwamba yeye alimtuma mtoto, na mtoto huyu hapa. Nikaitwa. Nilisimama mbele yao na vidole vyangu vyeusi vya karafuu, nikavitazama.

Huenda ningesema. Napenda kuamini ningesema. Lakini jirani alinitangulia.

"Mtoto kaja, kaniambia," akasema. "Kaniambia vizuri. Miye ndiye niliyesema tumalize kwanza."

Mwalimu wa chuo akasoma astaghafirullahi. Nilimtazama jirani na yeye hakunitazama, alikuwa akitazama majamvi uani. Bibi yangu ndiye aliyenitazama. Alinitazama kwa muda, kisha akavuta kanga yake usoni, na tangu siku ile mpaka namzika hakunitaja katika habari ile wala hakunituma tena popote penye jambo kubwa. Alimtuma mdogo wangu.

Sasa lazima nikwambie jinsi kijiji chetu kilivyo. Kwetu kosa moja lilitosha kukupa jina, na jina lilikuzika. Kulikuwa na bibi aliyetia chumvi badala ya sukari kwenye chai ya posa yake akiwa na miaka kumi na sita, amekufa na miaka themanini akiitwa Bi Chumvi, na wajukuu zake ni wa Bi Chumvi mpaka leo. Kulikuwa na mzee aliyesinzia kwenye sijida ya tarawehe mpaka watu wakatoka wakamwacha, na hata kwenye jeneza walisema tunamzika Mzee Sijida. Na aliyekuwa akiyatunga mengi ya majina hayo ni yule bi mkubwa wa kiti cha kando yangu, wakati ule msichana mwenye ulimi mwepesi. Haikupita juma, jirani akawa Tumalize. Akipanda mkarafuu, "Tumalize kapanda." Akienda msikitini, watu wanasogea kidogo. Beni hawakumwita tena. Watoto walimfuata nyuma wakiliimba lile jina.

Siku moja na mimi nililiimba. Wenzangu walikuwa wananitazama, na nikaona nisipoliimba watajiuliza kwa nini. Aligeuka. Akanikuta mimi katikati yao, akatabasamu kidogo, akaenda zake. Mambo mengi ya utotoni nimeyasahau, na ningelifurahi kama tabasamu lile lingekuwa miongoni mwao.

Msimu wa karafuu uliofuata alipanda mashua kwenda Tanga. Tarumbeta alilifunga ndani ya kanga ya mama yake. Alimuaga bibi jikoni, na bibi akampa muhogo wa njiani. Asubuhi zilizobaki za kipupwe, bibi aliendelea kusogeza sufuria akaiacha ile nafasi karibu na mafiga, kisha anakumbuka, anairudisha.

Sasa turudi ukumbini. Yule msichana wa ushungi mweupe akaliinua tarumbeta, na okestra ikaanza kumfuata. Ulikuwa ni wimbo ule. Ulivalishwa nguo nyingi, fidla huku, filimbi kule, lakini mwili wake niliujua. Ulianza chini, ukapanda kwa vituo. Mdogo wangu aliniuliza kama jino linauma, kwa kuwa nilikuwa nakikamata kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili. Ukafika pale pa juu. Tarumbeta likatetemeka. Likakatika.

Msichana akalishusha, akalielekeza chini. Fidla zote zikanyamaza. Na ngoma moja, nyuma kabisa, ikaendelea peke yake: moja, mbili, tatu, nne, tano.

Hapana mtu duniani angeweza kuzitunga hizo tano. Angelazimika kuwapo.

Ukumbi ulikaa kimya muda mrefu. Kuna mtu alikohoa nje barazani, na Mwenyezi Mungu anisamehe, niligeuka kutazama ni nani. Halafu msichana akaliinua tena tarumbeta, akaumaliza wimbo.

Mwisho wenyewe ulikuwa sauti nne za kuteremka. Nne tu, pumzi mbili. Ulikuwa mtamu na mwepesi, haukufanana na hata mmoja wa ile niliyoitunga mimi. Watu wakapiga makofi, na mimi nikakaa nikifikiri kwamba kwa kitu kifupi vile nilimtoa mtu kwao.

Bi mkubwa wa majina alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya buibui.

"Ule ni wimbo wa Tumalize," akaniambia. "Wamkumbuka Tumalize? Yule aliyempigia mamaake maiti. Mtu hana moyo yule."

Nilikuwa na nafasi pale. Nikaipisha.

Nje, chini ya ukuta wa skuli, wapigaji walikuwa wakinywa soda na kupigwa picha. Bi mkubwa alinishika mkono akaniburura mpaka kwa msichana, maana yeye hawezi kulala bila kujua mtu ni wa nani.

"Weye wa nani, mwanangu?" akamuuliza.

"Shikamoo bibi. Mimi ni wa Tanga," msichana akajibu, "lakini babu yangu mzaa mama alizaliwa huku kwenu. Ndiye aliyenifundisha. Amefariki mwaka juzi."

Akakitaja kijiji chetu. Bi mkubwa akaniminya mkono, akasema kwamba sote wawili ni wa hukohuko. Uso wa msichana ukafunguka. Akanigeukia mimi, nadhani kwa kuwa nilikuwa nalia, na akaanza kusema haraka haraka. Alisema pale anaponyamaza, babu yake alimfundisha kuwa ndipo beni inapita nyumba ya mama yake babu. Alisema siku zile za mwisho babu alikuwa akizungumza sana habari za kule, na kuna jambo alimwagiza.

"Alisema palikuwa na mtoto wa kike penye kisima," akaniambia. "Alikuwa jirani yao, mchambua karafuu. Babu alisema mtoto yule alitaka kusikia mwisho wa wimbo kuliko mtu yeyote aliyewahi kumpigia, na hakuwahi kuusikia. Akaniambia nikifika Pemba nimtafute nimpigie. Wewe mama, kwa umri wako, labda mlicheza pamoja. Unamjua?"

Jirani alijua, rafiki yangu. Alijua yote tangu siku ile barazani. Alijua kwa nini sikusema, na akachukua jina ambalo lingekuwa langu, akaenda nalo Tanga, akazeeka nalo. Na alipokuwa anakufa hakumtuma mjukuu wake kuja kunidai radhi. Alimtuma aje anipigie.

Bi mkubwa wa majina alikuwa bado amenishika mkono. Nilihisi masikio yake. Mimi ni mwalimu, nina wajukuu wawili, wanafunzi wangu wa zamani hunipisha viti popote niingiapo. Nilifikiri jina gani lingepatikana kabla hatujafika barabarani, na nani wangeliimba.

"Simkumbuki, mwanangu," nikasema.

Siwezi kulisingizia jino. Ganzi ilikuwa imeshatoka.

"Haidhuru," akasema msichana, akatabasamu kidogo, na lilikuwa tabasamu lile lile. Akaitwa kwenye gari lao, akaenda.

Asubuhi yake nilikwenda kijijini. Nyumba ya jirani imeporomoka, imebaki baraza, na mbuzi wa mtu alikuwa amelala juu yake. Ua wetu umejengwa nyumba ya matofali. Kisima kimefukiwa tangu bomba lilipofika, na pale njia zinapogawika pamewekwa nguzo ya umeme. Nilisimama karibu na nguzo. Harusi ikapita, pikapu na spika mbili kubwa nyuma, vijana wamening'inia, imetoka njia ya chini na kwenda zake. Kama kuna nyumba ya msiba mbele yao sijui dereva angeijuaje, vioo vyote vilikuwa vimepandishwa. Hapana aliyelaza kitu. Nilikaa pale mpaka vumbi likatua, mwanamke mzima nimesimama njia panda, na hapana aliyedhani nimetumwa na mtu.

Nimeyaandika haya kwa kuwa kusema nimeshindwa mara zote. Bi mkubwa akisomewa, na anibandike jina analotaka, nitaliitika. Lakini hasa nataka yafike Tanga, kwa msichana wa ushungi mweupe. Mwanangu, babu yako hakuambiwa. Mtoto alitumwa na hakusema, na babu yako hakukosa kitu chochote. Waambie watu wa nyumbani kwenu. Radhi yake mimi sitaipata tena kwa mdomo wake, naiomba kwenu mlio warithi wake. Na ule wasia wake usiendelee kuubeba kila unakokwenda, ukiwauliza wanawake wa makamo yangu. Mtoto wa kisimani alikuwa amekaa safu ya tatu, shavu limevimba. Mwisho ameusikia.